Kivinjari kinafungua vizuri, lakini apt inagoma nyuma ya ukuta wa moto wa ofisi: tatizo liko wapi?

#1 Tawi la Ziwa

Wanajamvi, habari za kazi. Ninasimamia kompyuta na seva chache za Ubuntu 22.04 katika tawi letu la Mwanza. Trafiki yote ya nje hupitia VPN hadi makao makuu Dar es Salaam, ambako kuna proksi ya Squid (seva ya kati inayoomba kurasa kwa niaba yetu) na ukuta wa moto mbele yake. Kwenye kompyuta ambayo Firefox hufungua archive.ubuntu.com bila kusita, amri ya kusasisha orodha za programu, `sudo apt update`, hukwama kwenye "0% [Waiting for headers]" mpaka muda wake uishe. Siku nyingine husogea, halafu huishia na "Hash Sum mismatch", yaani hashi (alama ya kuhakiki faili) haikulingana. Jioni, watu wakishaondoka ofisini, mara nyingi hupita kana kwamba hapakuwa na shida yoyote. Watu wa TEHAMA wa makao makuu wanashikilia kwamba kwao mambo ni shwari, kwa sababu kivinjari kinafanya kazi. Je, kivinjari kinapita wapi ambapo apt haipiti?

#2 Fundi Kebo

Karibu, mkuu. Jibu ni jepesi kuliko unavyodhani. Firefox husoma mipangilio ya proksi uliyoiweka kwenye dawati, ilhali `sudo` hufuta vigezo vya mazingira vya mtumiaji kabla ya kuendesha amri, kwa hiyo apt haijui kama kuna proksi na inajaribu kutoka moja kwa moja kupitia poti 80, ambayo ukuta wa moto umeifunga. Unda faili `/etc/apt/apt.conf.d/95proksi` na uandike humo:

`Acquire::http::Proxy "http://10.0.0.5:3128";`
`Acquire::https::Proxy "http://10.0.0.5:3128";`

Weka anwani ya proksi yenu, na usisahau nukta mkato mwishoni mwa kila mstari.

#3 Bi Seva

Fundi Kebo amesema vema, ila mstari wa pili si wa lazima. Mwongozo wa apt unaeleza kwamba mipangilio ya proksi kwa HTTPS huchukua thamani ya HTTP pale isipoandikwa yake. Anayeamua kuuandika aangalie thamani yenyewe ianze na `http://`, kwa sababu safari ya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye proksi kwa kawaida haina usimbaji. Nimeona watu wengi wakiandika `https://` pale, kisha wakalaumu ukuta wa moto.

Kabla hatujaendelea kubahatisha, Tawi la Ziwa, endesha `apt-config dump | grep -i proxy` utuambie inatoa nini. Pia tazama iwapo umewahi kupata ujumbe wa "Temporary failure resolving 'archive.ubuntu.com'". Apt ikitumia proksi, kazi ya kutafuta anwani ya jina hilo ni ya proksi. Ukiona kompyuta yako yenyewe inalalamikia jina la nje, ujue haipiti kwenye proksi hata kidogo.

#4 Tawi la Ziwa

Asanteni. Proksi ipo kwenye mipangilio, na amri ya Bi Seva inaionyesha pamoja na anwani na poti yake sahihi. Ujumbe wa kushindwa kutafuta jina sijauona. Tena nikiomba ukurasa kwa amri ya `curl -I` kupitia proksi hiyohiyo, ninapata jibu la 200, yaani mafanikio, papo hapo. Ndiyo maana nimechanganyikiwa.

#5 Kipanga

Basi ni kitambulisho. Apt hujitaja kwa seva kwa maneno kama "Debian APT-HTTP/1.3" pamoja na namba ya toleo lake, na kuta za moto za siku hizi haziangalii poti tu, bali hutambua ni programu gani inayozungumza. Kuna zile ambazo huruhusu vivinjari na kuzuia vipakuzi vya programu, na msimamizi anaweza asijue, kwa kuwa alichagua kundi zima la "masasisho ya programu" kwenye orodha ya vinavyozuiwa. Jaribu hivi:

`curl -x http://10.0.0.5:3128 -A "Debian APT-HTTP/1.3 (2.4.11)" -I http://archive.ubuntu.com/ubuntu/dists/jammy/InRelease`

Ikikwama hiyo na ile ya kawaida ikapita, umempata mchawi.

#6 Pakiti Ndogo

Kabla ya kumkamata mchawi, angalieni alichopima. `curl -I` huleta vichwa vya HTTP peke yake, ambavyo vinaingia kwenye pakiti moja ndogo. Ukurasa wa archive.ubuntu.com nao ni mwepesi. Orodha za vifurushi za `universe`, moja ya hazina za programu za Ubuntu, ni megabaiti kadhaa. Hapa kuna VPN kati ya Mwanza na Dar, na VPN ya aina ya IPsec huongeza vichwa vyake juu ya kila pakiti, hivyo pakiti ya baiti 1500 haiingii tena. Ruta inapaswa kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP kwamba pakiti ni kubwa mno, lakini wasimamizi wengi hufunga ICMP yote kwa kuogopa ping, na mtumaji anabaki kutuma kitu kilekile kisichofika. Dalili yake ni hii hasa: muunganisho unafunguka, vitu vidogo vinapita, vikubwa vinaning'inia.

Pima kwa `ping -M do -s 1472 8.8.8.8`. Baiti 1472 pamoja na 28 za vichwa ni 1500.

#7 Fundi Kebo

Pakiti Ndogo, wewe ni kama mganga mwenye mzizi mmoja: anayeumwa jino na aliyeteguka mguu wote wanaondoka na dawa ya MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). Swali langu ni moja. MTU ya VPN haibadiliki kwa saa. Kwa nini jioni apt inapita?

#8 Pakiti Ndogo

Mzizi unaponya, ndiyo maana wateja wanarudi. Kuhusu jioni, matawi mengi yana njia mbili za intaneti, moja ya nyuzi na nyingine ya redio au simu, na ruta hugawa mzigo kati yake. Mchana, njia kuu ikielemewa, sehemu ya trafiki huhamia njia ya pili ambayo MTU yake ni ndogo zaidi. Jioni kila kitu kinarudi njia kuu. Tawi la Ziwa atuambie kama wana njia moja au mbili.

#9 Bi Seva

Nirekebishe jambo katika #6. Kupima ping hadi 8.8.8.8 hakutatuambia lolote hapa, kwa kuwa apt haizungumzi na nje, inazungumza na proksi. Kipimo kiende kwenye anwani ya proksi. Isitoshe, kipimo hicho ni cha kwenda, na data nzito inarudi kutoka Dar kuja Mwanza, na njia ya kurudi yaweza kuwa tofauti na ya kwenda. Namna rahisi ya kulijaribu bila kumsumbua mtu wa makao makuu ni kupunguza MTU ya kompyuta moja kwa muda, `sudo ip link set dev enp3s0 mtu 1400`, ukiweka jina la kadi yako ya mtandao. Kompyuta itatangaza kwamba inapokea vipande vya data vya baiti 1360, na proksi italazimika kutuma vidogo.

#10 Maabara ya Shule

Ninafuatilia kwa makini. Kwetu tatizo lilifanana, na chanzo kilikuwa saa. Tuna Raspberry Pi za zamani, na zile zilizotangulia toleo la 5 hazina saa ya ndani, kwa hiyo umeme ukikatika huamka na tarehe ya nyuma. Kwa kawaida zingejirekebisha kwa NTP (huduma ya kulinganisha saa mtandaoni), lakini ukuta wa moto wa shule umefunga UDP poti 123. Apt ikasema "Release file is not valid yet" na kukataa hazina nzima, kwa maana kwa saa ya kompyuta orodha ile ilikuwa imetiwa sahihi siku ambayo bado haijafika. Tulielekeza saa za maabara nzima kwenye seva moja ya ndani, na ujumbe ukaondoka. Tawi la Ziwa, angalia `timedatectl`.

#11 Kipanga

Ujumbe wenu ni tofauti na wa Tawi la Ziwa, mwalimu. Saa ikikosea, apt husema wazi kwamba ni tarehe. Haining'inii.

#12 Jirani wa Eldoret

Nami nichangie kisa cha chuo kimoja huku kwetu, ambako mtu hawezi kutumia intaneti kabla ya kujaza jina na nywila kwenye ukurasa wa kuingilia. Seva haina kivinjari, hivyo haikuwa imeingia. Apt ilipoomba InRelease (faili la muhtasari wa hazina), ukuta wa moto ulirudisha ukurasa ule wa kuingilia ukiwa na jibu la 200, na apt ikaandika "Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT' (does the network require authentication?)". Wenye haraka husoma mwanzo wa sentensi hiyo na kuanza kuhangaika na funguo za GPG (za kuhakiki sahihi), wakati mabano ya mwisho yameshawaambia ukweli. Dawa ilikuwa kumwomba msimamizi aipe seva ruhusa ya kudumu kwa anwani yake.

Kama proksi yenu inataka nywila, mtapata namba 407, na kama nywila ina alama ya @ ndani yake lazima iandikwe %40 kwenye anwani ya proksi. Kwa proksi zinazodai NTLM (njia ya Windows ya kumtambua mtumiaji), apt haiwezi yenyewe, inabidi muweke kati programu ya cntlm.

#13 Kache Kuu

Mnahangaika na kukwama na kusahau "Hash Sum mismatch", ambayo ndiyo yenye habari. Proksi ya Squid huhifadhi nakala. InRelease ina hashi za orodha zote za vifurushi. Hazina inapobadilika, proksi inaweza kukupa InRelease mpya pamoja na Packages (orodha ya vifurushi) ya jana iliyoihifadhi, na hashi hazitakubaliana. Ndiyo maana inatokea mchana, ambapo kompyuta nyingi zimeijaza kache. Iambie apt ipuuze kache:

`sudo apt -o Acquire::http::No-Cache=true update`

#14 Bi Seva

Maelezo ya Kache Kuu yalikuwa sahihi kabisa zamani. Sasa hazina za Ubuntu na Debian hutangaza "Acquire-By-Hash: yes", na apt huomba orodha kwa njia yenye hashi ndani ya jina lake. Kwa utaratibu huo faili la jana na la leo yana majina mawili tofauti, na proksi haiwezi kuyachanganya hata ikitaka. Hazina za watu wengine ambazo hazijafuata utaratibu huo bado zinaugua ugonjwa unaousema.

Tawi la Ziwa, chini ya ujumbe wa hashi apt huandika ukubwa na hashi ya faili lililotarajiwa na la lililopokelewa. Tuandikie ukubwa wa yote mawili. Ukubwa ukitofautiana, mara nyingi apt huwahi kulalamika kwa "File has unexpected size" kabla ya kufika kwenye hashi.

#15 Msimamizi wa Ukuta

Niwatetee kidogo watu wa makao makuu, kwa sababu mimi ni mmoja wao kwingineko. Tunapoombwa "fungua masasisho ya Linux", tunapewa anwani za IP. Tunazifungua, na baada ya muda zinakufa. Jina la deb.debian.org, kwa mfano, liko nyuma ya mtandao wa usambazaji wa Fastly, na anwani zake hubadilika kulingana na mahali na wakati. Leteni majina, msilete namba. Na msisahau kwamba archive.ubuntu.com na security.ubuntu.com ni majina mawili, na hazina za PPA (za watengenezaji binafsi) zina jina lao tofauti. Anayefungua moja na kusahau jingine atapata sasisho nusu. Snap, mfumo mwingine wa programu wa Ubuntu, nayo ni habari nyingine kabisa: haisomi faili za apt, inataka `snap set system proxy.http=` na mwenzake wa https.

Ushauri wangu kwa tawi ni kuweka seva moja ya apt-cacher-ng kwenye poti 3142, kompyuta zote zichote hapo, na ukuta wa moto uifahamu seva hiyo peke yake.

#16 Fundi Kebo

Mkuu, apt-cacher-ng ikikaa Mwanza itapitia VPN ileile na proksi ileile. Utakuwa umewahamishia tatizo kutoka kompyuta nyingi hadi moja, ingawa nakubali kwamba kuchunguza moja ni nafuu.

#17 Mtaa wa Pili

Kwa nini tusiache HTTP kabisa? Mwaka huu bado tunapakua programu za mfumo kupitia poti 80 bila usimbaji, na tunashangaa proksi zinachezea faili. Badilisheni `http` iwe `https` kwenye vyanzo, kila mchezo wa kati utakoma.

#18 Kache Kuu

Usalama wa apt hautegemei njia, unategemea sahihi. InRelease imetiwa sahihi ya GPG, ndani yake kuna hashi za orodha, na ndani ya orodha kuna hashi za vifurushi. Aliye katikati anaweza kuharibu, hawezi kughushi.

#19 Jirani wa Eldoret

Hilo la "hawezi kughushi" lina historia. Januari 2019 mtafiti Max Justicz aliweka wazi udhaifu uliopewa namba CVE-2019-3462: apt haikusafisha vizuri maelekezo ya HTTP ya kuhamia anwani nyingine, na aliye katikati angeweza kuingiza ndani yake hashi za uongo na kifurushi chake mwenyewe. Debian walitoa apt 1.4.9 kwa watumiaji wa stretch (Debian 9) na kuwashauri wasasishe kwa `-o Acquire::http::AllowRedirect=false`. Sahihi zilikuwepo wakati wote, na bado mlango ulipatikana. Kwa hiyo Mtaa wa Pili ana hoja.

#20 Msimamizi wa Ukuta

Ana hoja, ila hajui gharama yake. Kuta nyingi za moto hufungua HTTPS katikati na kuifunga upya kwa cheti chao. Vivinjari vya ofisi vimeshapewa cheti hicho, apt haijapewa, na itasema "The certificate issuer is unknown". Cheti cha ofisi kinawekwa ndani ya `/usr/local/share/ca-certificates/` kikiwa na jina linaloishia na `.crt`, kisha `sudo update-ca-certificates`. Tafadhali msifuate ushauri unaozagaa wa kuandika `Verify-Peer "false"`. Mtu anayezima ukaguzi ili apate usalama wa HTTPS amebaki na HTTP iliyovaa koti.

#21 Ngalawa

Hakuna aliyetaja IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti. Andika `Acquire::ForceIPv4 "true";` na uone. Kwangu kukwama kuliisha papo hapo.

#22 Bi Seva

Kwako huenda hukuwa na proksi. Penye proksi, mpangilio huo unagusa safari ya hadi kwenye proksi tu, na anwani yake hapa ni ya IPv4. Safari ya nje anaichagua Squid mwenyewe.

#23 Tawi la Ziwa

Nimefanya majaribio, ninaleta matokeo yote pamoja. Saa ni sahihi. Jaribio la Kipanga la kitambulisho limepita bila tatizo, mchana na jioni. Ping yenye baiti 1472 hadi kwenye proksi haipiti wakati wowote, hata jioni, na iliyopunguzwa hadi 1372 inapita. Nilipoweka MTU ya 1400, kukwama kulipungua sana, lakini hakukuisha. Njia za intaneti ni mbili, kama alivyohisi Pakiti Ndogo. Kuhusu hashi, ukubwa wa faili lililotarajiwa na lililopokelewa ni uleule kabisa, ila hashi ya SHA256 ni tofauti. No-Cache haikubadilisha lolote.

#24 Pakiti Ndogo

Mganga anasubiri kuku wake. Makao makuu waweke TCPMSS yenye `--clamp-mss-to-pmtu` (kanuni ya kupunguza vipande vya data vitoshe njia) kwenye ruta ya VPN, na habari itaishia hapo.

#25 Fundi Kebo

Kuku bado yuko bandani. Ping imegoma hata jioni, wakati apt jioni inapita. Na MTU haibadilishi hashi ya faili lenye ukubwa kamili.

#26 Bi Seva

Hili la ukubwa sawa na hashi tofauti linanivutia. Upakuaji ukikatika, apt huacha kipande katika `/var/lib/apt/lists/partial`, na ikirudi huomba baiti zilizobaki tu, kwa sharti kwamba faili halijabadilika. Proksi au ukuta wa moto usioheshimu sharti hilo unaweza kukupa mkia wa faili jipya, ukaungwa kwenye kichwa cha faili la zamani. Ukubwa unakuwa ule uliotarajiwa, hashi haiwezi kulingana. Kwa hiyo mkwamo na hashi yaweza kuwa kitu kimoja, wa kwanza ukimzaa wa pili. Futa vilivyomo ndani ya `partial` kabla ya kila jaribio, uone kama ujumbe wa hashi utarudi.

#27 Kache Kuu

Au Squid mwenyewe alihifadhi nakala iliyoharibika na anaigawa kwa kila anayeomba. Kwa njia zenye hashi ndani ya jina, nakala mbovu itakaa humo muda mrefu, kwa kuwa jina halibadiliki. No-Cache ni ombi, na proksi inaweza kupangwa isilisikilize. Kompyuta mbili za tawi zikipokea SHA256 ileile iliyo mbovu, nadharia ya Bi Seva imeanguka.

#28 Kipanga

Jaribu pia `Acquire::http::Pipeline-Depth "0";`. Kwa kawaida apt hutuma hadi maombi kumi mfululizo bila kungoja jibu, na mwongozo wake unakiri kwamba kuna proksi zisizoliweza hilo. Vivinjari vya leo havifanyi hivyo kwenye HTTP/1.1, na hiyo ndiyo tofauti ya kivinjari na apt iliyoulizwa kwenye #1, ambayo mmeipita mkikimbilia VPN.

#29 Tawi la Ziwa

Nimeweka ya Kipanga na kufuta `partial` kwa wakati mmoja. Leo mchana imepita.

#30 Fundi Kebo

Mkuu, umeweka mbili pamoja, na MTU ya 1400 bado ipo. Sasa watatu watadai kuku.

#31 Mgeni wa Kigali

Ninaomba kuunganisha swali langu hapa. Dalili ni hizihizi kwenye Rocky Linux, ambako dnf hufanya kazi ya apt, na `proxy=` nimeiandika ndani ya `/etc/dnf/dnf.conf`, pamoja na `ip_resolve=4`. Dnf husema "Curl error (28): Timeout was reached", lakini kila jaribio hutaja seva tofauti, kwa kuwa orodha ya seva za nakala huletwa upya na yenyewe huchagua. Msimamizi wetu anafungua majina, kama alivyoshauri Msimamizi wa Ukuta, ila majina hayaishi. Je, mnafunga dnf kwenye `baseurl` moja, au mna njia nyingine?